Mvua ya Baba Mkwe

Ukiniuliza baba mkwe wangu alikuwa na sura gani, nitaanza na miguu. Ilikuwa miguu mipana, imepasuka visigino, na kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Ukucha ulibaki Afrika Kusini, chini ya jiwe la mgodini, kabla ya uhuru wetu. Alivaa katambuga alizozikata mwenyewe kwenye tairi kuukuu, na kwa kuwa ya kulia ilikuwa nzito kuliko ya kushoto, ulimsikia akija kama mtu anayesita kila anapokanyaga. Baada ya miguu nitakueleza kikohozi chake, halafu sauti. Kutoka magotini kwenda juu, kwa miaka mingi, sikuwa na habari zake. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake, wala habaki njiani akimsikia anakuja. Wenyewe husema ni kumwogopa mkwe, lakini si woga wa simba. Ni heshima iliyopewa sheria kali.

Mimi ni binti wa Kilolo. Kwetu tunawaheshimu wakwe pia, ila tunawaheshimu huku tukiwaona. Mume wangu alikuja Iringa mjini kujifunza udereva wa trekta, akaja nyumbani kuposa, akapewa maji ya moto ya kuoga kama mgeni yeyote, akayasifia maji yale kuliko alivyonisifia mimi. Nilicheka wakati huo. Sikujua kwamba alikuwa anatoka katika nyumba ambamo maji ya kuoga ni habari kubwa kuliko harusi. Nikaolewa, nikateremka Usangu, walikohamia wakwe zangu kutoka Tukuyu, nchi tambarare yenye jua la kupasua midomo, ambako masika mpunga unasimama kwenye maji na kiangazi hata chura hajui aende wapi.

Sura ya mzee nilikuwa nikisimuliwa. Mama mkwe alisema alipokuwa kijana wasichana wa Tukuyu walisahau mitungi yao kisimani kwa ajili yake. Mume wangu alisema wanafanana masikio tu. Basi nikawa natazama masikio ya mume wangu jioni, najaribu kuotesha mtu mzima kutoka hapo, nashindwa.

Hakuwa mnyenyekevu, na sitamsingizia unyenyekevu kwa kuwa amekufa. Alijisifu asubuhi, akajisifu jioni, na katikati akawapa wengine nafasi ya kumsifu. Alijisifu kwa koti lake la sufu alilorudi nalo kutoka migodini, kwa sauti yake ya nne kanisani, na zaidi ya yote kwa kichwa cha bomba cha shaba, mduara kama kisahani, kimejaa matundu madogo madogo, ambacho hakuna mtu mwingine kati ya Rujewa na Madibira aliyekuwa nacho. Alikitundika ukutani sebuleni, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Alikuwa anakingojea bomba. Serikali ilikuwa imeahidi maji ya bomba, na yeye alikuwa wa kwanza kuamini, maana mwenye kichwa tayari huona kiwiliwili hakiko mbali.

Habari za kichwa kile nilizipata kupitia ukuta wa matete, kwa sababu mkamwana amekatazwa kuona lakini hakukatazwa kusikia. Alikuwa akiwasimulia wageni kwamba kule migodini, wanaume wakipanda kutoka shimoni, waliingizwa katika ukumbi mmoja mkubwa, wakasimamishwa safu kwa safu chini ya vichwa vya shaba kama kile. Mnyapara alipuliza filimbi, maji yakanyesha, watu wakalowa. Filimbi ya pili, maji yakafungwa, watu wakajipaka sabuni. Filimbi ya tatu, maji yakarudi, wakasuuza, wakatoka. Wageni walishangaa maji kunyesha ndani ya nyumba. Yeye alifurahi wakishangaa. Lakini siku moja mgeni mmoja alimwambia kwamba basi kule walioga kifalme, na sauti ya mzee ikabadilika.

"Kule nililowa," akasema. "Kuoga sijaoga."

Mgeni hakuelewa, wala mimi sikuelewa. Mzee alimwambia kwamba kulowa na kuoga ni vitu viwili, kwamba mtu hawezi kuoga mbele ya macho ya watu na filimbi, wazee pamoja na vijana, baba pamoja na watoto, mpaka unasahau mwili ni wako. Halafu akageuza maneno, akarudi kujisifu kwa koti.

Alikuwa Mkristo wa kweli, na mchungaji alikwisha kufundisha mara nyingi kwamba mwiko wa wakwe haumfungi aliyebatizwa. Alimsikiliza, akaitikia amina kwa ile sauti yake ya nne, kisha akarudi nyumbani akikohoa tangu njia panda ili nipate muda wa kujificha. Mama mkwe alisema mumewe ni Mkristo Jumapili na Mnyakyusa siku zilizobaki. Aliyasema hayo kwa fahari.

Kwa kuwa hakuweza kusema nami, alisema na mbuzi. Kila nyumba yenye mkwe msemaji hupata njia yake, na yetu ilikuwa na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi katikati ya uwanja. Nikiwa ndani nasikia: "Mbuzi, chumvi ya leo imemwagika yote kwenye sufuria moja." Au: "Mbuzi, wingu lile linakuja, na mpunga wa watu uko nje." Mimi sikumjibu mbuzi. Nilikwenda nikaanua mpunga. Mbuzi wenyewe walichinjwa, wakaja wengine, na kila aliyekuja alirithi kazi ileile ya utarishi.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu tulikuwa na nafasi. Nyumba yake ilikuwa upande mmoja wa mbuga na yetu upande mwingine, na katikati palitosha heshima ya aina yoyote. Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Viwanja vikapimwa kwa kamba, nyumba zikapangwa mistari, na baba na mwana wakapewa kiwanja kimoja, nyumba mbili zinazotazamana, choo kimoja nyuma na bafu moja la matete pembeni. Waliopima walitaka tuwe karibu na shule na zahanati, na siwalaumu. Ila hakuna aliyekumbuka kuuliza mkamwana ataogea wapi. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa Mnyakyusa mwenyewe, ana wakamwana wake, na yeye pia alisahau. Mkewe alimkumbusha matete yalipokwisha kusimikwa.

Mlango wa bafu ulitazama mlango wangu. Mzee akiingia kuoga, mimi ni mfungwa ndani mpaka amalize na nyayo zake zikauke, maana mama mkwe alinifundisha kutokanyaga pale alipokanyaga akiwa amelowa. Nikiingia mimi, mfungwa ni yeye. Tulikuwa tunakoholeana. Yeye anakohoa kuuliza kama kuna mtu, mimi napiga kata kwenye ndoo kujibu kwamba yupo, yeye anarudi ndani, mimi naharakisha, sabuni inaniingia machoni. Majirani walidhani nyumba yetu imeingiwa na kifua. Mwisho nikachoka, nikaacha kuoga nyumbani. Nikawa nafuatana na wanawake wengine kwenda mferejini, na kiangazi mfereji ulipokauka tukaenda mtoni, asubuhi nzima kwenda na kurudi. Ukirudi, vumbi limekupaka tena kama hukwenda.

Nilikuwa na mimba wakati huo. Nilijifungulia zahanati, nikarudi nyumbani na mtoto, na sasa hata mtoni sikuweza kwenda. Mama mkwe alinisafisha kwa beseni ndani ya nyumba, nyuma ya kitanda, gizani, maji yakitutiririkia mpaka kwenye mikeka. Sakafu ya udongo ikawa tope. Mtoto alikohoa. Mimi nililia kwa siri, na si kwa sababu ya maumivu. Nilikuwa nimetoka katika nyumba ambayo hata mgeni asiyejulikana hupewa maji ya moto na mahali pa kuogea.

Ndipo mama yangu akafika kutoka Kilolo. Aliteremka basi barabara kuu, akatembea mchana kutwa na furushi kichwani, ndani yake mafuta, ulezi, na majani ya kumkandia mzazi. Kwetu mwanamke akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, tumbo na mgongo, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi. Mama alisalimia, akala, akaniangalia, akauliza mahali pa kunikandia ni wapi. Nikamwonyesha nyuma ya kitanda. Akatazama lile tope. Hakufungua furushi.

Jioni alisema na mume wangu, kwa sauti ya chini, ila kiwanja chetu kilikuwa kidogo mno kwa siri.

"Mkwe wangu, mimi sina ugomvi na mtu," akasema. "Kesho kutwa naondoka na binti na mtoto. Akakandwe kwetu. Akipona, tutaona."

Kila mtu aliyekuwa pale alijua maana ya tutaona. Binti anayerudishwa kwao na mtoto mchanga, safari yote ile, si rahisi kuteremka tena. Mume wangu aliinamisha kichwa. Na nitasema kweli: nusu yangu ilikuwa imekwisha kufunga mzigo. Nusu nyingine ilimtazama akiwa ameinama, na yale masikio yake, ikakataa kuondoka. Sikujua nusu ipi itashinda.

Ng'ambo ya uwanja tukasikia kikohozi. Halafu sauti.

"Mbuzi," akasema. "Mwambie mgeni wetu asifunge mzigo kabla ya Jumapili."

Kesho yake alfajiri alibomoa bafu. Alilibomoa lote, matete yakalala chini, na wapita njia wakasimama kuuliza kama mzee amepata wazimu. Nilimfuatilia kwa masikio, kutoka ndani: jembe, panga, udongo ukikandwa, mume wangu akitumwa huku na kule. Alisimika nguzo za miti, akajenga ukuta mmoja wa udongo mnene kupita kimo cha mtu, kisha akazungushia matete kila upande wa ukuta ule. Yakawa mabafu mawili yaliyopeana mgongo. Moja mlango wake ulitazama nyumba yake, jingine mlango wake ulitazama nyuma ya nyumba yangu, na njia mbili ambazo hazikutani popote. Juu ya ukuta, kwenye nguzo zilizouzidi kwa kimo cha debe, alilaza boriti moja ndefu, ikapita kutoka upande wangu mpaka wake. Kwenye boriti, upande wangu, akatundika debe alilolipaka masizi na oili chafu ya trekta mpaka likawa jeusi tititi, ili jua lilipashe moto tangu asubuhi. Chini ya debe fundi baiskeli alichomelea kipande cha bomba chenye kizibo cha kuvuta kwa kamba.

Mwenyekiti alikuja akasema ramani ya kijiji inataka bafu moja kwa kila kiwanja. Mzee akamjibu kwamba ni bafu moja, ila lina busara. Mwenyekiti alicheka, akaenda zake, na kabla ya mwezi kwisha akajenga la namna hiyohiyo kwake.

Jumapili, baada ya ibada, mama yangu akaambiwa aoge wa kwanza, kwa kuwa yeye ni mgeni. Aliingia na uso wa mtu anayeonja chakula cha watu asiowajua. Alikaa humo muda mrefu. Mimi nilisimama nje na kanga yake mkononi, nasikia maji yakinyesha, yakinyamaza, yakinyesha tena. Alipotoka alikuwa anacheka, ngozi inang'aa mafuta. Mama wa Kilolo, aliyezoea kwamba mvua ni baridi ya kutetemesha mifupa, alikuwa amenyeshewa mvua ya moto. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kigingi.

"Mbuzi," akasema, kwa sauti ya kusikika nyumba zote mbili. "Mwambie mwenye nyumba, binti nimemwachia."

Akafungua furushi. Nilikandwa katika bafu lile mpaka mwili ukarudi, na mama akarudi Kilolo peke yake, akawatangazia watu kwamba binti yake ameolewa kwa mfalme wa maji. Hakueleza kwamba mfalme mwenyewe anaishi mahali pasipo na maji.

Toka hapo baba mkwe akawa mwalimu wa kuoga wa kijiji kizima, kazi ambayo hakuna aliyempa. Sheria yake ilikuwa maji matatu: ya kwanza kulowa, kisha funga kamba, jipake sabuni taratibu, ya pili kuondoa povu, ya tatu madogo ya kujiaga. Kinachobaki ni cha anayefuata. Alisema debe moja likikutana na mtu mwenye adabu linaogesha ukoo, na likikutana na mpumbavu halioshi hata goti. Mimi nikivuta kamba kupita kiasi, ng'ambo ya ukuta namsikia: "Mbuzi, leo kuna mtu anapanda mpunga bafuni." Nilikuwa nafunga haraka, nacheka mdomo nimeuziba kwa kiganja.

Maji machafu hayakupotea. Aliyachimbia njia ya kokoto, ya upande wangu yakaenda kwenye mgomba wangu, ya upande wake kwenye mgomba wake. Mnyakyusa bila mgomba ni kama Mhehe bila ugali, na kwenye jua lile migomba isingeishi bila maji ya kuoga. Hapo mzee alipata njia ya kutuchunguza sote. Majani yakilegea, alijua. Aliwahi kusimama kwenye njia ya kijiji mchana kweupe akauliza, bila kumtaja mtu, mgomba wa nani unanyauka, na kijana mmoja wa jirani akaenda kuoga bila kuaga. Mimi nilimtumia mama mkwe mkungu wangu wa kwanza ampelekee. Nikangoja. Jioni mbuzi aliambiwa kwamba ndizi za upande wa pili ni tamu, ni dhahiri mwogaji hatumii sabuni nyingi.

Sheria zake za maji hazikuhusu koti lake. Koti lilifuliwa kila Jumamosi kwa maji ambayo yangeogesha kijiji, na ole wake atakayesema neno. Wala hazikuhusu mgeni. Mgeni hakupimiwa. Jirani yetu mmoja, mfugaji aliyeteremka na ng'ombe zake kutoka kaskazini, aliwahi kugombana naye vikali kuhusu zamu za kisima. Jioni hiyohiyo alipopita nyumbani, akaambiwa aoge kwanza, ugomvi utaendelea akiwa safi. Aliingia kwa hasira, akatoka ameisahau hoja yake. Mwezi uliofuata baba mkwe alikuwa kwenye boma la mfugaji yule anamjengea ukuta, na mbuzi aliyekuja nyumbani kwetu baada ya hapo alitoka boma hilo.

Kiongozi mmoja kutoka wilayani naye yalimkuta. Alifika na gari limejaa vumbi, yeye mwenyewe mweupe wa vumbi mpaka kwenye nyusi, akitaka watu wakusanywe awahutubie. Baba mkwe akamwambia kwa heshima zote kwamba hotuba haiozi, aoge kwanza. Kiongozi akatazama huku na huku, akavua viatu. Hotuba yake siku ile ilikuwa fupi na nzuri, na nusu yake ilihusu bafu. Baadaye walikuja watu hata kutoka upande wa Madibira kutazama, na mzee akawapokea kwa koti lake la sufu, katikati ya jua, jasho likimtoka. Nilijificha ndani nikimsikia akieleza, na nilijisikia mrefu. Nilitaka kutoka niwaambie kwamba huyu ni mkwe wangu, na mvua ile ya kwanza ilinyesha kwa ajili yangu.

Jambo moja nililijua kwa kuchelewa. Siku zote nilidhani kichwa kilichoninyeshea ni kazi ya fundi baiskeli, na upande wake unafanana na wangu. Ni mama mkwe aliyeniambia, tukichambua mchele, kwamba upande wa mumewe hakuna debe jeusi wala kichwa cha shaba. Kuna kibuyu kilichotobolewa tundu moja kwa msumari wa moto, kimezibwa kwa kijiti, kinachirizika kama ng'ombe mzee. Kile kichwa alichokitundika ukutani akingoja bomba la serikali, alikiteremsha siku ile mama yangu aliposema tutaona. Alikisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akampa fundi baiskeli, akasema kifungwe upande wa binti wa Kilolo. Sebuleni ikabaki alama ya mduara ukutani. Mama mkwe alitaka kutundika kalenda pale, akakatazwa.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni kile kikohozi chake kilibadilika. Zamani kilikuwa salamu. Sasa kilianza chenyewe, hakikumwuliza. Vumbi la mgodini lilikuwa limemngoja kifuani miaka yote hiyo. Wanawe wakampeleka hospitali Mbeya, akalazwa, akarudi amekonda. Nilijua amekonda kwa sababu katambuga zilikuwa zinapwaya. Akaambiwa asinyanyue kitu kizito. Mara mama mkwe akaitwa Tukuyu kwenye msiba wa dada yake, na mume wangu alikuwa Ubaruku kwenye mavuno, analala hukohuko na trekta. Jirani alikuwa anampelekea mzee chakula nilichopika, kama kawaida. Jirani akaniambia anakula, anajibu, anatania. Nikaridhika.

Kisha nikaona mgomba wake. Majani yalikuwa yamelegea, kingo zimekauka. Nilisimama pale na ndoo mkononi, nikaelewa, na aibu ikanipata kwa niaba yake. Mtu aliyefundisha kijiji kuoga alikuwa hajaoga, kwa sababu hawezi kunyanyua kibuyu kilichojaa, na asingekubali jirani yeyote amwogeshe kama mtoto. Alikuwa amesimamishwa uchi mbele ya watu mara nyingi mno katika ujana wake. Hakuwa tayari kurudi huko uzeeni.

Nilichota maji, nikachemsha nusu, nikachanganya. Nikapanda kwenye kigoda, nikajaza debe langu jeusi mpaka juu. Halafu nikashika mti, nikalisukuma lile debe juu ya boriti, likateleza taratibu, likavuka ukuta, likaenda kuning'inia upande wake pamoja na kichwa chake cha shaba. Kamba niliibakiza kwangu. Nikakohoa. Miaka yote ile yeye ndiye aliyenikoholea. Siku hiyo nilimkoholea mimi.

Kisha nikasikia fimbo, na katambuga, ile nzito na ile nyepesi, zikija polepole kwa njia yake. Akaingia. Akakaa kwenye jiwe. Nilijua amekwisha kutazama juu.

"Mbuzi," akaanza, akanyamaza. Mbuzi tulimla Pasaka. "Leo hakuna mbuzi. Nasema na wewe, binti wa Kilolo."

"Abee, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita, na mara yangu ya kwanza kumwitikia. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Hicho kichwa ni chako. Nilikupa."

"Ni changu, baba. Nimekuazima."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja wote wawili kipite.

"Mwiko wetu huu niliulinda mimi," akasema. "Naufungua mimi. Wazee wakiuliza, waambie ni mimi. Ukitoka hapo utanitazama. Lakini si sasa. Ngoja kwanza nioge."

Nikavuta kamba. Mvua ikanyesha ng'ambo ya ukuta. Akasema funga, nikafunga, nikasikia sabuni ikizunguka mwilini, polepole, ya mtu asiyepigiwa filimbi. Akasema achia, nikaachia. Tulipofika kwenye maji ya tatu, yale madogo, nikajiandaa kufunga mapema kama alivyonifundisha, mvua nyingine ibaki ya anayefuata.

"Acha iishe," akasema.

Nikaiacha iishe. Ilinyesha mpaka tone la mwisho, ikapita kwenye kokoto, ikaenda kwenye mgomba wake.

Nikatoka, nikasimama uwanjani, kanga kichwani, macho chini kwa mazoea. Alichukua muda wake. Nilisikia kopo la mafuta likifunguliwa, nikasikia koti la sufu likikung'utwa. Kisha fimbo. Kisha ile miguu mipana ikaja ikasimama mbele yangu, imeoshwa, imepakwa mafuta, kile kidole kisicho na ukucha kinang'aa kama vingine.

"Sasa nimeoga," akasema. "Nitazame."

Nikainua macho.